Yule Ambaye Hamkuja Naye

Usingizi umegoma tena, basi acha niandike. Dada kajifungua salama kule Masasi, mtoto wa kiume, mnada wa kwanza wa korosho umepita, na Bi Mkubwa hatimaye kahamia chumba cha uani. Hayo nitayasimulia siku nyingine. Usiku huu nina neno moja tu la mtoto mmoja, limenikaa kichwani tangu Jumamosi ile na halitaki kutoka.

Mnaotufuatilia mnajua kwamba ikikaribia tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, kikundi chetu cha maigizo hutoka Mtwara mjini kwenda vijijini. Kijiji cha safari hii sitakitaja, kwa ajili ya huyo mtoto. Ni upande wa pwani, inatosha. Tulicheza jioni kwenye uwanja wa shule, jua limepoa na wavuvi wameshapandisha mitumbwi. Tukaanza na sindimba, ngoma ya Wamakonde, kama kawaida yetu. Bila ngoma utabaki unahutubia mbuzi; ngoma ikilia, ikifika ya pili au ya tatu, uwanja umejaa hadi watoto wako juu ya mwembe.

Mchezo ni uleule. Mimi ndiye mama. Msimu umekwisha, mume kavuka Ruvuma kwenda Msumbiji na hana habari, na siku moja mama haamki. Homa hana. Hali, hazungumzi, kichwa hakijachanwa, kwenye msiba wa jirani haonekani. Mmoja anasema ni uvivu, mwingine anasema ana majini, wa tatu anaulizia hela ya mganga. Na nyuma ya mama muda wote lipo lipiko, yule mchezaji wa Kimakonde aliyevaa kinyago cha mti, limemwekea mikono mabegani. Watu wote uwanjani wanaliona isipokuwa waliomo mchezoni.

Hili lipiko lazima nilieleze vizuri, maana wapo waliojiunga nasi juzijuzi. Kiongozi wetu alitaka mwishoni mama aligeukie, alivue lile sura la mti, alitupe chini, akina mama wapige vigelegele, tufunge. Mzee aliyetuazima akakataa katakata. Lipiko halivuliwi hadharani, wala aliye ndani hatajwi, na mwanamke ndiyo kabisa asiliguse. Ndivyo walivyolipokea kwa wazee wao jandoni. Hapakuwa na la kubishana. Tukakaa tukapanga upya: mama anapelekwa hospitali, anarudi na dawa, na lipiko bado liko mabegani. Zinapita wiki, mkono mmoja unashuka. Linarudi nyuma hatua moja, kesho yake linasogea tena. Mpaka mchezo unakwisha bado lipo pembeni ya uwanja, mbali, limempa mama mgongo. Muuguzi anayetufundisha alipouona mwisho huo alisimama. Alisema dawa za sonona, yaani huu ugonjwa wa huzuni nzito alionao mama wa mchezo, hazifanyi kazi siku uliyomeza, zinataka wiki kadhaa, na wagonjwa wake wengi huziacha mapema wakidhani wamepewa dawa zisizofaa. Mila ya Kimakonde ikatupa ukweli wa hospitali. Kila nikilikumbuka hili nafurahi upya.

Sasa mtoto.

Watu walikuwa wanatawanyika. Vijana wanalifunga lipiko ndani ya gunia huku wameligeuzia ukutani, mimi nakunja kanga ya mchezo. Akaja binti wa darasa la nne au la tano hivi, bado na sketi ya shule, mgongoni kabeba mtoto mchanga kwa kitenge kilichofungwa fundo mbili kifuani, fundo la mtu anayejua kubeba. Mtoto amelala, shavu limembana begani. Huku anaongea alikuwa anajitikisa taratibu, mguu huu, mguu ule, kama wanavyofanya wazazi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Mchezo umeuona?"

"Nimeuona." Akanyamaza. "Yule mama alivyolala zile siku zote, maji nani aliteka?"

Nikamwuliza, "Wewe unaonaje?"

"Mwanawe."

"Mwanawe yupi?"

"Yule ambaye hamkuja naye."

Akaitwa na mtu nyuma ya madarasa, akaenda.

Nalirudia neno lile nikipima korosho, nikichambua dagaa, nikiwa kwenye bajaji. Najaribu kukumbuka sauti yake. Hakulalamika. Wala hakutuonea huruma. Alisema kama muuza duka anavyokwambia chenji imepungua shilingi mia, hesabu tu. Na hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama lile gunia lenye lipiko, kwa utulivu, kama kitu ambacho yeye hukiona kila siku na hakijawahi kufungwa guniani. Yule ambaye hamkuja naye. Wakati mwingine nalisikia kama swali: mbona hamkuja naye? Wakati mwingine kama taarifa, kwamba yupo, ana kazi, na ndiyo maana hakuweza kuja. Jana usiku nimelisikia kama salamu anazotoa kwa niaba ya mtu mwingine.

Jioni ileile nilizungumza na mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke makini, hakuhitaji maelezo mengi. Nyumba aliijua. Ameshafika, na mama wa watoto amekubali kwenda kuonwa, shangazi yao atamsindikiza. Mengine si yangu kuyaandika.

Kwenye mafunzo tulipewa takwimu na ninazo kwenye daftari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 walikuwa wanaishi na sonona. Wanawake wanaathirika zaidi kuliko wanaume. Kati ya wajawazito na waliotoka kujifungua ni zaidi ya asilimia 10. Na katika nchi za kipato kama chetu, zaidi ya robo tatu ya wenye matatizo ya afya ya akili hawapati tiba yoyote. Nilizisoma nikazielewa, na jukwaani huwa nazitaja. Lakini zote zinamhesabu aliyelala. Aliyeamka saa kumi na moja akachota maji, akakoroga uji, akamfuta mdogo wake pua, akafika shule amechelewa akachapwa, huyo sijui anaandikwa ukurasa gani. Mwalimu wake anamwona mtoro. Jirani anamsifia: huyu binti ana akili, ana utu uzima. Hiyo sifa inaniuma kuliko fimbo ya mwalimu, kwa sababu mtoto akishasifiwa hivyo hawezi tena kusema amechoka.

Jumatano tukakutana kwa mazoezi, nikaeleza. Kijana wetu mmoja akapendekeza aongezwe mtoto, aje mbele aseme haki zake. Nikakataa, na nikakataa kwa nguvu. Sipendi hotuba mwishoni mwa mchezo. Nimeona michezo mingi ya afya mkoa huu ambayo daktari wa koti jeupe anasimama dakika kumi na watu wanaanza kutafuta kandambili zao. Kiongozi, aliyesomea sanaa Bagamoyo, akatukumbusha habari ambayo huwa anatusimulia, ya Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walivyokwenda Malya huko Kanda ya Ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walikaa na wanakijiji kwanza, wakauliza linalowasumbua, mchezo ukatoka humo. Na yule Mbrazili, Augusto Boal, aliyeruhusu mtazamaji asimamishe igizo na kuingia mwenyewe kubadilisha. "Mtoto kasimamisha mchezo," akasema kiongozi. "Tatizo tulikuwa tumeshakunja kanga."

Tukaamua mtoto awepo na asiseme neno. Tulimpa mdogo wetu wa kikundi, anayejifunza cherehani pale sokoni, ana umbo dogo. Kazi yake ni kupita. Majirani wanabishana kuhusu majini, yeye anapita na ndoo kichwani. Mganga anadai ada yake, anapita. Mama anapelekwa hospitali, anapita, na safari hii mdogo wake yuko mgongoni. Hakuna anayemwangalia.

Jana tumeucheza Mikindani. Na hapa ndipo nashindwa kulala, lakini kwa furaha, na furaha nayo ina kelele zake.

Alivyopita mara ya kwanza watu walicheka, maana alikatiza katikati ya mabishano. Mara ya pili wakacheka kidogo. Mara ya tatu uwanja ukanyamaza, na mimi nimelala pale kwenye mkeka nimefumba macho, nasikia maji yanavyogonga pembeni ya ndoo. Kisha nikasikia mtu anaingia. Nikafumbua jicho moja. Bibi mtu mzima, kanga kaifunga kiunoni kama anakwenda shamba, kaingia katikati ya mchezo bila kuitwa na mtu. Akaishika ndoo kwa mikono miwili, akaitua, akaiweka chini. Akamwambia yule binti, "Nenda kacheze." Halafu akawageukia majirani wetu wa mchezoni, ambao walikuwa wamesahau maneno yao, akawaambia, "Na nyie mnabishana nini, kuni ziko wapi?"

Mwingine akaingia. Mwingine akaja akaketi kwenye mkeka wangu, akaanza kunisuka. Simjui jina hata leo. Alinisuka kweli, vidole vina mafuta ya nazi, huku mchezo unaendelea bila sisi, kiongozi kasimama pembeni na karatasi yake hana la kufanya. Lipiko nalo lilibaki limesimama, halikujua lirudi nyuma au lisogee. Likakaa palepale kati ya wanawake wanaopanga nani ateke maji kesho na nani keshokutwa, wakitajana kwa majina yao halisi ya mtaani. Sikulia jukwaani. Nimelia nyumbani.

Tutarudi kijiji kile kabla mvua hazijaharibu barabara, kiongozi ameshaongea na mtendaji. Nataka binti yule auone. Kama hataweza kutoka, tutapiga ngoma karibu na kwao.

Nywele sijazifumua.

Kinachonitia wasiwasi sasa hivi ni magunia. Kesho asubuhi mizani ya korosho inafunguliwa kwenye chama cha ushirika, na magunia hayajafika. Tunaambiwa yako njiani kutoka Dar, na ndivyo tulivyoambiwa wiki iliyopita. Wakulima wameshaanika, wameshachambua, korosho zimerundikwa vyumbani. Mama peke yake amejaza upande mzima wa sebule, na jana jioni mawingu yalikuwa mazito upande wa Newala. Zikishika unyevu zinashuka daraja, na mimi karani ndiye nitakayemwandikia mama yangu mwenyewe hilo daraja la pili.