Gitaa langu lisilo na abunusi shingoni
Tangu ninunue gitaa ambalo ubao wa shingo yake, pale vidole vinapobana nyuzi, umetengenezwa kwa Richlite badala ya abunusi, wenzangu huniuliza kama sauti haijafifia, nami huwajibu kwamba sikio langu halijasikia tofauti ninayoweza kuiapia. Richlite ni tabaka nyingi za karatasi zilizoloweshwa resini ya fenoli, kisha zikashindiliwa kwa joto na shinikizo hadi zikawa bamba moja gumu. Kampuni za kutengeneza magitaa za Martin na Gibson zimekwisha kuitumia.

Kinachonifurahisha zaidi ni utulivu wake. Mbao hunywea hewa inapokauka, na ncha za freti, yaani vile vijiti vyembamba vya chuma vilivyopachikwa kukingama ubao, ambazo hazinywei pamoja nao, huchomoza pembeni na kukwaruza kiganja kinapoteleza shingoni. Kwenye gitaa hili ncha hizo zimebaki laini kiangazi na masika, wala ubao hauhitaji kupakwa mafuta. Macho ndiyo hayajaridhika sana, kwa maana chini ya mwanga mkali weusi wake ni wa namna moja mno, bila ule mchirizi wa kahawia ambao abunusi halisi huwa nao mara nyingine.

Mwaka 2017 CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulianza kudhibiti biashara ya spishi zote za Dalbergia, jamii ya miti kama mpingo ambayo mbao zake pia hutengenezewa ala za muziki, na ingawa ala zilizokamilika zilipewa msamaha mwaka 2019 kwa nyingi kati ya spishi hizo, mimi hupendelea kuvuka mpaka na gitaa ambalo ubao wake ni karatasi.