Glaida yangu ya Ngong: kutoka kuganda hewani hadi kuruka tena

Jumapili, mlimani

Leo glaida iliniganda hewani. Ilikuwa mbele ya ukingo, umbali wa mita mia tatu hivi, inapinda kwenda nje ya mlima na tumbo lake limenielekea. Nikasukuma kijiti ili inyooke, haikusikia. Ikaendelea kupinda vilevile, kama mtu anayeitwa asigeuke. Sekunde mbili, labda tatu, halafu ikashtuka na kutii. Nikairudisha mikono ikinitetemeka, nikatua kabla sijapandisha flapu, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa kupunguza kasi, na meno ya sevo (mota ndogo inayosukuma kibao) ya flapu ya kulia yakang'oka kwenye nyasi.

Kwa asiyeijua: ni glaida ya rimoti, haina injini wala panga. Mabawa ni mita 2.5 kutoka ncha hadi ncha, mbavu zake za balsa zimefunikwa plastiki ile inayonyooshwa kwa pasi. Pua ni ya fiberglasi, na mkia umeshikwa na bomba jembamba la kaboni. Ndani mna sevo sita: mbili za eileroni (vibao vya mabawani vinavyoilaza kushoto au kulia), mbili za flapu, mbili za mkia. Yote kwa jumla ni gramu 1,450. Niliinunua kuukuu miaka miwili iliyopita kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama, na tangu hapo nimekuwa nikiirusha tu bila kuifungua hadi ndani kabisa.

Sisi tuliokulia Mombasa tulianza kuujua upepo kwa tiara na ngalawa. Ngong hakuna bahari, lakini maneno ya mabaharia yanafaa pale kuliko mengine yote. Joshini ni mashariki, upande wa Nairobi, ambako upepo hutokea siku nyingi. Unapiga kifua cha mlima, hauna pa kwenda ila juu, na glaida inakaa katika hewa hiyo inayopanda kutwa nzima ukitaka. Demani ni upande wa Bonde la Ufa. Huko hewa hujipindua nyuma ya ukingo kama maji nyuma ya jiwe la mtoni, na ndege ikiangukia humo haiokotwi nzima. Tena ukingoni hupita watu wanaopanda mlima kila wikendi, pamoja na watoto wanaochunga. Kilo moja na nusu ikija kwa kasi ya gari bila mtu wa kuiongoza ni jambo la hatari. Basi nimeamua: hairuki tena hadi nijue kilichoigandisha.

Jumanne usiku, mezani

Niliyemshuku kwanza ni betri. Ni pakiti ya NiMH, aina ya betri za kuchajiwa, yenye seli nne, volti 4.8. Nikaichaji ikajaa, nikapima: 5.4. Nzuri kabisa. Lakini betri iliyopumzika haikuambii kitu. Inabidi uipime ikiwa kazini. Mpwa wangu, aliye likizoni kwetu, akashika flapu na mkia kwa vidole, taratibu, ili sevo zisukume kwa nguvu, nami nikazungusha vijiti vyote kwa pamoja huku jicho likiwa kwenye mita. Ikashuka hadi 4.2. Risiva yangu, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, huzima ikifika karibu 3.5, kwa hiyo bado palikuwa na nafasi, ila nafasi ndogo, na asubuhi mlimani kuna baridi ambayo betri haziipendi.

Nikachuna waya hasi wa betri sentimita mbili. Shaba ilikuwa nyeusi. Nikachuna tena sentimita tatu, bado nyeusi. Kutu hiyo huanzia kwenye seli zilizozeeka na kutambaa ndani ya ganda la waya bila kuonekana kwa nje, na waya wa namna hiyo haushiki risasi ya kulehemu hata uuchome vipi. Nikatupa pakiti yote, na swichi nayo, maana waya wake ulikuwa umeanza.

Alhamisi nilipitia Luthuli Avenue, Nairobi, nikachukua seli mpya za 2,000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa), za aina inayokaa na chaji muda mrefu. Zikiwa kazini hazikushuka chini ya 4.9. Nikalala nikiamini nimemaliza.

Jumamosi, uwanjani

Sikuwa nimemaliza.

Rimoti nyingi zina hali ya kupunguza nguvu ya mawimbi kwa ajili ya jaribio la umbali: ukisimama hatua thelathini katika hali hiyo na kila kitu kinatii, basi kwa nguvu kamili una umbali wa kutosha hewani. Nilikuwa nafanya jaribio hili kila mwezi, glaida ikiwa juu ya meza ya plastiki, pua ikinitazama. Kila mara ilifaulu. Kosa langu lilikuwa hapo, kwani hewani glaida haikai ikinitazama kwa pua.

Safari hii nilimwomba mpwa wangu aishike mikononi, aigeuze kila upande. Pua, sawa. Mkia, sawa. Ubavu wa kushoto, wa kulia, sawa. Akaiinamisha hadi tumbo likanielekea.

"Mjomba, imelala!"

Nikasukuma kijiti mwisho wa mwisho. Mkia kimya. Akaigeuza kidogo tu, ukacheza. Akairudisha tumbo kwangu, kimya tena. Betri haichagui upande, kwa hiyo haikuwa betri. Tuliketi palepale kwenye nyasi tukafungua pua.

Risiva yangu ina antena mbili. Kila moja ni uzi mwembamba wenye ncha iliyochunwa, na ncha hiyo ya milimita 31 tu ndiyo inayosikia. Uzi uliobaki ni njia ya kupitishia. Milimita 31 si namba ya kubahatisha. Wimbi la rimoti hii, la 2.4 GHz, lina urefu wa sentimita 12.5, na ncha ni robo yake. Ncha zinatakiwa zikae kwa pembe ya digrii 90, moja imesimama na nyingine imelala, kwa sababu antena haisikii vizuri sauti inayokuja moja kwa moja kwenye ncha yake. Mmoja akiwa kiziwi upande fulani, mwenzake anasikia.

Iliyosimama ilikuwa mahali pake. Iliyotakiwa kulala ilikuwa imebandikwa kwa utepe, na gundi ya utepe ule ilikuwa imeyeyuka. Uzi ukateleza nyuma, ncha yote ikaingia ndani ya bomba la kaboni. Kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo huyafungia mawimbi nje kama bati. Nikabaki na antena moja bila kujua. Na hiyo moja, kila glaida ilipoinama kupinda nje ya mlima, ilikuwa inanielekezea ncha yake. Pua, ubavu, mkia vyote vilisalimika. Ni tumbo tu lililoniumbua.

Gundi iliyeyuka wapi? Garini. Nimekuwa nikiiacha kwenye buti juani nikinywa chai Ngong mjini baada ya kuruka. Nimelitambua hilo kwa uchungu, maana ni desturi yangu ya muda mrefu.

Nilikata mrija wa soda vipande viwili, nikavigundisha kwa epoksi ndani ya pua, kimoja kikisimama na kimoja kikilala, mbali na betri na mbali na kaboni. Ncha zimeingia humo zimenyooka, haziwezi kuteleza. Tukarudia jaribio: hatua thelathini, arobaini, hamsini. Tumbo, mgongo, kila upande. Inasikia.

Kuna jingine nililogundua siku hiyohiyo, nalo lilinishtua zaidi ya antena. Nilizima rimoti makusudi kuona glaida itafanya nini ikikosa mawimbi. Haikufanya kitu: ilibaki na amri ya mwisho niliyoipa. Ndiyo maana ile Jumapili ilikuwa inapinda tu. Mwenye kuipanga hivyo alidhani ni busara, lakini kwa glaida ya mlimani ni balaa, kwa kuwa inaweza kuendelea kwenda na upepo kilomita nzima hadi demani. Nimeipanga upya: mawimbi yakikatika, flapu zishuke, eileroni zipande kidogo, usukani uvute kidogo upande mmoja. Itazunguka duara dogo na kushuka karibu na ilipo. Itaumia, ila itaangukia mahali ninapopaona.

Wiki ya pili, kazi ndogondogo

Sevo za flapu nimebadilisha zote mbili, nimeweka za meno ya chuma. Meno ya plastiki yanatosha kwenye eileroni, lakini flapu ndiyo inayogusa ardhi kwanza. Na bado mkono lazima ujifunze: mita moja kutoka chini, flapu zirudi juu.

Mkiani kulikuwa na mchezo wa milimita mbili. Ukishika ukingo wa mkia na kuutikisa, unacheza kabla sevo haijahisi chochote. Tundu la kipembe kinachopokea waya unaotoka kwenye sevo lilikuwa limeliwa likawa yai. Nimelijaza supaglu iliyochanganywa na vumbi la msasa, nikalitoboa upya kwa keekee ya mkono, saizi ya waya kamili. Mchezo umekwisha. Kazi ya robo saa, na ndiyo iliyobadilisha zaidi jinsi glaida inavyoruka, kama nitakavyoeleza.

Eileroni nimezipa milimita 14 kwenda juu na 7 tu kwenda chini. Inayoshuka hukokota hewa zaidi na kuvuta pua upande usiotakiwa, kwa hiyo ishuke kidogo.

Mizani na chubwi

Betri mpya ni nzito kuliko ya zamani, nayo iko puani, kwa hiyo mizani ilisogea mbele. Puani mlikuwa na chubwi tano za nyavu nilizoletewa na binamu yangu mvuvi kutoka Mombasa. Kwa kazi hii sijaona kitu bora: zina tundu katikati, unazipitishia uzi, unaongeza au kupunguza moja moja bila kuyeyusha risasi yoyote. Nilishikilia glaida chini ya mabawa kwa vidole viwili, milimita 85 kutoka ukingo wa mbele. Pua ikazama. Nikatoa chubwi mbili, ikakaa sawa.

Kuna sababu ya kuhesabu gramu hapa. Kilele cha Ngong kiko mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ufukweni. Glaida ileile inahitaji kasi ya zaidi kwa asilimia 12 hivi ili ibebwe. Mtu aliyejifunza kutua Nyali akija huku atashangaa jinsi nyasi zinavyomjia haraka.

Jumapili, mlimani tena

Tulilipa langoni saa mbili asubuhi. Mitambo ya umeme wa upepo, ambayo ya kwanza ilisimamishwa hapo 1993, ilikuwa inazungusha mapanga polepole, yote yakitazama mashariki. Naitumia kama bendera: nikiiona imegeukia kwingine sifungui hata sanduku. Kuruka, huwa tunakwenda mbali nayo.

Yule mzee mchungaji aliyeshuhudia siku ile alikuwepo na mbuzi wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanao leo anasikia?"

"Anasikia, mzee. Tulimzibua masikio."

Akacheka, akaketi kwenye jiwe kutazama.

Mpwa wangu aliirusha kwa mkono, pua ikielekea upepo, ikapanda bila kusita. Ilipofika juu vya kutosha nikafanya jaribio la kupiga mbizi: unainyoosha iende yenyewe, unainamisha pua kama digrii 45, unaachia kijiti. Ikijiinua kwa nguvu, pua ni nzito. Ikizidi kuzama, mkia ni mzito. Ilijiinua kwa nguvu. Nikatua, nikatoa chubwi ya tatu, nikarusha tena. Safari hii ilinyanyuka taratibu, kwa upole, nikajua ndipo penyewe. Kabla ya kuziba lile tundu la mkia jaribio hili lilikuwa linanipa jibu tofauti kila mara, nikawa naongeza chubwi, kesho natoa. Mizani haikuwa na kosa.

Nikaipeleka nje, mita mia tatu, pale pale. Nikaipindisha tumbo likinielekea. Kijiti kulia, ikalala kulia. Kushoto, kushoto. Nikarudia mara nne.

Halafu mwewe akaja. Alikuwa mbele ya ukingo upande wa kusini, anazunguka bila kupiga bawa, nami nikaifuata hewa yake ya moto. Tukazunguka pamoja, yeye juu kidogo, mabawa ya glaida yakiwa na mwanga wa asubuhi unaopenya plastiki hadi mbavu zikahesabika. Mzee alisimama. Hakuna aliyesema neno.

Dakika 47. Betri ilisoma volti 5.1 baada ya kutua, na chaja jioni ilirudisha 310 mAh. Maana yake pakiti ile ina zaidi ya saa tatu ndani yake, lakini sitavuka saa moja na nusu.

Sasa sanduku hurudi nyumbani chini ya kiti, limefunikwa shuka nyeupe, na chai tunakunywa tukifika. Mpwa wangu ameandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha pua: "31 mm, 90°, angalia kila safari." Kilichobaki kabla ya Jumamosi ni utepe wa bawaba ya eileroni ya kushoto, umeanza kuachia sentimita mbili kwenye ncha, na kiputo kimoja kwenye plastiki ya bawa la kulia kinachohitaji pasi ya uvuguvugu.