Siku moja ndani ya karavani yenye faiba, Lubumbashi

Saa 12:20 asubuhi

Dar es Salaam wako mbele yetu kwa saa moja. Ofisi ikifunguliwa kule saa 2, huku mtaani Bel-Air ni saa 1 na ninatakiwa niwe mezani. Kazi yangu ni kufuatilia malori. Yanapakia bandarini Dar, yanavuka Tunduma na Nakonde, yanaikata Zambia mpaka Kasumbalesa, na dereva akikwama popote hapo katikati, ananipigia mimi.

Kazi hiyo naifanyia ndani ya karavani, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, nyuma ya nyumba ya Mama Mukubwa, ubavuni mwa kichuguu kinachoizidi karavani yenyewe kwa urefu. Ni ya kutoka Afrika Kusini, ililetwa na mkandarasi wa mgodi ili walale wafanyakazi wake. Mkataba ulipoisha ikauzwa. Naishi humo kwa sababu mbili. Nyumba yangu bado iko kwenye msingi, na foleni ya Kasumbalesa inaporefuka sana kampuni hunitaka niwe karibu na mpaka, kama kilomita 90 kutoka hapa, kwa wiki kadhaa. Naifunga nyuma ya gari, naondoka nayo.

Kabla ya chai naangalia taa za kisanduku cha faiba. PON ni kijani, LOS imezimika, vizuri. Kisha nafungua ukurasa wa kifaa nisome kiwango cha mwanga: -21 dBm. Namba hii watu wengi hawaijui, na ndiyo inayosema ukweli kuliko kipimo chochote cha kasi. Kadiri inavyoshuka ndivyo mwanga unavyopungua, na kila inaposhuka kwa 3, nusu ya mwanga imepotea njiani. Vifaa vya aina hii huanza kuyumba ikikaribia -27. Ikiwa jana ilikuwa -21 na leo ni -24, kuna mahali waya umekunjwa, na nina muda wa kumtafuta fundi kabla sijakatika katikati ya kazi.

Saa 1 hadi saa 4

Asubuhi ni simu na karatasi. Malori mawili yamelala Nakonde, moja limefika Kasumbalesa lakini FERI, hati ya kielektroniki ya mizigo inayoingia Kongo, ina uzito usiolingana na hati ya mzigo. Dereva analalamika, wakala wa forodha analalamika, Dar wanauliza. Napiga, naandika, napandisha nakala.

Wengi wanadhani kazi kama hii inadai intaneti ya kasi kubwa. Simu moja ya sauti hutumia kama kilobiti 100 kwa sekunde kila upande, basi. Kinachoiua ni kuyumba: vipande vya sauti vinafika vikiwa vimepishana, unamsikia dereva akisema "lori lime..." halafu kimya. 4G ya simu inaweza kuwa na kasi nzuri usiku wa manane, lakini saa 3 asubuhi mtaa mzima uko juu ya mnara huohuo. Zaidi ya hapo, karavani ina ngozi ya alumini pande zote, na mawimbi hayaipendi. Wi-Fi ya nyumba kubwa, ambayo Mama Mukubwa alinipa bure kwa moyo mweupe, ilikuwa ikifia mlangoni.

Saa 4 na dakika kadhaa

Umeme unakatika. Delestaji, mgao wa umeme. Jenereta za jirani zinaanza kukohoa, kwangu hakuna kinachozimika.

Hapa karavani inaishinda nyumba ya matofali. Kisanduku cha faiba na ruta, ukisoma maandishi madogo kwenye chaja zake, vingi vinataka volti 12 tu. Na karavani tayari ni ya volti 12. Watu hununua inveta ya kupandisha umeme hadi 220, kisha wanachomeka chaja ya kuushusha tena hadi 12, na kila hatua inakula betri. Mimi nimevitoa moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu ya Ah 100, nikapitisha kwenye kidhibiti kidogo cha volti, maana betri inapochajiwa hupanda hadi 14 na ushee na kisanduku hakikuumbwa kwa hilo. Viwili pamoja vinatumia kama wati 15. Ukiongeza laptopu, betri inanipitisha siku nzima ya kazi na usiku bado naweza kutazama mpira.

Saa 7 mchana

Bukari, yaani ugali, lengalenga na ndakala. Fundi aliyenivutia waya yuko hapa, ameletwa na jirani anayetaka kufanyiwa vilevile, ila yeye ana kontena. Tunakula watatu, Mama Mukubwa akisimamia sahani.

Siku ile fundi alipokuja mara ya kwanza, Mama Mukubwa alisimama mlangoni akacheka akiyatazama magurudumu. "Mwana, hii nyumba si iko na mipira? Munaifunga kamba ya nini?" Fundi akamjibu bila kuinua kichwa: "Mama, kamba tunafungia ku poto, haiko ku nyumba."

Poto ni nguzo, na jibu hilo ndilo mfumo wote. Karavani haina namba ya avenue, haina hati, na kampuni ya faiba haiwezi kuiandikia mkataba. Kwa hiyo mkataba ni wa parseli, kwa jina la Mama Mukubwa, na waya wa kampuni unaishia kwenye nguzo niliyosimika mimi, ndani ya kisanduku cha plastiki kisichoingiza maji. Kutoka hapo hadi karavani ni kipande changu mwenyewe, chenye vichwa vya kijani vya SC/APC pande zote mbili. Nikitaka kuhama nachomoa, nafunika kichwa kisipate vumbi, nazungusha waya katika duara lisilopungua upana wa kiganja. Nikirudi nachomeka. Simwiti mtu.

Jirani anauliza mbona tusiufukie chini, upendeze. Fundi anakionyesha kichuguu kwa kidole. Mchwa wa Katanga wanatafuna ganda la waya bila kuuliza bei. Wetu unapita juu, kisha unashuka chini kidogo ya tundu la sakafu kabla ya kupanda na kuingia, ili maji ya mvua yadondoke pale chini yasiufuate ndani. Tundu lina pete ya mpira, kwa sababu ukingo wa bati pamoja na mtikisiko wa barabara ni kisu.

Swali lake la pili lilikuwa zuri zaidi: kwa nini kisanduku kisikae nyumba kubwa, halafu uvutwe waya wa kawaida wa mtandao mpaka karavani? Umbali si tatizo, waya huo unafika mita 100. Nilimwambia asubiri mvua.

Saa 9 na nusu

Haikuchelewa. Januari huku mawingu hayatoi taarifa. Radi ya kwanza inapiga upande wa Ruashi, nami nachomoa waya wa umeme unaotoka nyumba kubwa na kuutupa mbali na ukuta. Betri inashika. Faiba naiacha ilivyo.

Waya wa shaba ukitandazwa mita 40 kati ya majengo mawili unakusanya kila kishindo cha radi kinachopiga karibu na kukipeleka kwenye vifaa vya pande zote mbili. Faiba ni kioo, na kioo hakipitishi umeme. Lakini angalia: waya mwingi wa faiba wa kuning'inizwa una uzi wa chuma wa kuubeba, na huo unapitisha. Fundi aliukata kwenye nguzo, kwa hiyo kinachoingia kwangu ni kioo na plastiki peke yake. Ukivutiwa na mtu mwenye haraka, uliza kuhusu uzi huo kabla hajashuka ngazi.

Wakati mvua inagonga paa nilikuwa kwenye kikao cha video na Dar. Walinisikia mimi na mvua, wakataka mvua inyamaze.

Saa 11 jioni

Lori la FERI limepita. La pili litalala.

Kijana mmoja wa ofisini ananiuliza kwa nini nisinunue dishi la intaneti ya setilaiti tu, sasa kwa kuwa ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, iliipa Starlink leseni Mei 2025. Ni swali la haki. Kwa mtu anayehama kila wiki ningesema nunua. Lakini dishi la kawaida linakula wati 50 na zaidi, dhidi ya 15 zangu, na mvua kama ya leo huidhoofisha. Waya nao una vifo vyake: Agosti 2023 maporomoko kwenye korongo la Kongo, chini ya bahari, yalikata WACS na SAT-3, nyaya mbili kuu za intaneti, kwa mpigo. Ndiyo maana simu yenye mega za intaneti inakaa mezani, na antena yake iko nje juu ya paa.

Saa 1 usiku

Nimempigia mwenye uwanja wa Kasumbalesa nitakakoegesha mwezi ujao. Sikumuuliza kasi. Nimemuuliza kisanduku cha kampuni kiko umbali gani, na kama kuna nguzo. Nguzo ipo, ila iko ndani ya ua wa jirani yake, ambaye atataka kuzungumzwa naye kwanza. Waya wangu hautafika. Nimemwambia fundi anitengenezee wa mita 80, na vichwa viwili vya akiba.