Watoro wa darasa langu

Robo mwaka imeisha na taarifa ya darasa letu la kisomo cha watu wazima inatakiwa ofisini. Fomu yenyewe haina makuu: walioandikishwa wangapi, wanaohudhuria wangapi, watoro wangapi. Nimekaa nayo tangu magharibi. Nafasi mbili za mwanzo nimezijaza fasta. Ya tatu ndiyo imenikalisha, maana nikipitisha jicho kwenye majina ya watoro, wengi ni watu ninaopishana nao barabarani wakienda kazini.

Mmoja ni mlinzi. Alikuja darasani anajua herufi kubwa karibu zote, ndogo hajui hata moja. Nilishangaa mpaka aliponieleza. Alikuwa getini kwenye ghala moja huku Mbagala, na mchana kutwa alichokiona ni namba za magari: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Akazoea kuzinakili zilivyo. Ukimwandikia BABA anasoma, ukimwandikia baba anakutazama usoni.

Basi vitabu tukaviweka kando, tukaanza na daftari la lindo. Ukiwa mlinzi hulikwepi daftari hilo: umepokea lindo saa ngapi, kutoka kwa nani, umekuta nini, umekabidhi nini. Miaka yote hiyo mwenzake wa zamu ndiye aliyemwandikia, kwa malipo ya soda. Siku wakikosana, ukurasa unabaki mweupe na mshahara unakatwa. Sentensi ya kwanza aliyoandika bila kushikwa mkono ilikuwa "Nimepokea lindo hali shwari", na herufi ndogo zimo.

Kilichotutoa jasho ni saa. Yeye anajua saa kumi na mbili jioni, simu inaonyesha 18:00, na msimamizi anataka iandikwe kama ya kwenye simu. Mtu akiuliza hiyo saa kumi na nane inapatikana wapi duniani, ana haki yake. Nikachora saa mbili ubaoni, ya mdomoni na ya kwenye simu, tukawa tunatoa sita. 07:00 toa sita, saa moja asubuhi. 22:00 toa sita unabaki na 16, toa 12 nyingine, saa nne usiku. Tulipofika 02:00 darasa zima likavurugika, kwa sababu pale hutoi, unaongeza. Jioni nzima iliishia hapo na siijutii hata dakika moja. Sasa amehamishiwa geti la ofisi, zamu ya mchana, na zamu yenyewe inaisha wakati na sisi tunafunga. Kwenye daftari langu ni mtoro.

Kufundisha kisomo kwa kuanzia kwenye kazi ya mtu si ujanja wangu. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kule mikoa ya Ziwa tayari kulikuwa na mradi wa majaribio wa UNESCO, ulioanza 1968, ambapo mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba na mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Kufika 1986 takwimu za serikali ziliweka watu wazima wasiojua kusoma na kuandika chini ya asilimia 10, wakati 1967 walikuwa kama theluthi mbili. Wazee wetu waliosoma ngumbaru bado wanasimulia. Ila nadhani walikuwa na kitu kimoja ambacho wanafunzi wangu hawana. Yule wa pamba alitoka darasani akarudi shambani kwake mwenyewe, na kesho yake akarudi darasani. Wangu ana bosi, ana zamu, ana daladala mbili za kumfikisha nyumbani. Akipata kazi, darasa ndilo la kwanza kukatwa kwenye ratiba.

Na kuna mama mmoja wa chapati. Huyu wakati mwingine hunitia aibu, kwa sababu hesabu za kichwani ananishinda. Chapati 37 za shilingi 500? Elfu kumi na nane na mia tano, mimi hata chaki sijashika. Nikamwomba aiandike. Akaandika 1000, kisha 18, kisha 500, vyote vimeungana, kama anavyoitamka: elfu, kumi na nane, mia tano. Hakubahatisha, alijisikiliza na kuandika alichosikia. Tukapiga mistari ya kusimama kwenye daftari, kila tarakimu ikapewa chumba chake, na sifuri zikajifunza kukaa palipo wazi. Alishika haraka kuliko wote, maana fedha aliijua tayari, alikosa karatasi tu.

Karatasi hiyo aliihitaji kwa sababu mkandarasi wa jengo moja alimtaka awapikie vibarua, malipo kila Jumamosi, lakini kwa orodha: jina, sahani ngapi, jumla. Zamani alikuwa anakumbuka sura za wadaiwa wake, na alikuwa hakosei. Ila mkandarasi halipi sura. Walimtaka pia aandike namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20 mfululizo. Nikamwonyesha kwamba nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yake ya kuzaliwa. Akacheka sana: "Mwalimu, kumbe natembea na umri wangu kwenye pochi na sijui!" Wiki chache baadaye alianza kazi. Mtoro mwingine.

(Niseme na hili kabla sijasahau. Somo lao wanalolipenda kuliko yote ni meseji za matapeli. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wanaisoma kwa sauti, wanatafuta makosa ya tahajia, wanatukana kidogo, wanafuta.)

Sitaki mtu adhani kisomo kinamwaga ajira. Nimeona tangazo la kazi ya kufagia ofisi linataka kidato cha nne na kuendelea, na sioni kidato cha nne kinasaidia nini kwenye kushika fagio. Tangazo kama hilo linamfungia mtu mlango hata kama nimemfundisha mpaka anasoma gazeti. Anayenipa matumaini zaidi ni fundi wetu wa kujenga. Amejenga nyumba za watu tangu ujana wake, hana karatasi hata moja. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa kazi anayoifanya, mapungufu yake yanarekebishwa, kisha anapewa cheti. Sisi kazi yetu ilikuwa kumtoa woga wa fomu na wa kueleza kwa mpangilio mambo ambayo mikono yake inayajua. Vipimo vya kwenye ramani alikuwa anavisoma vizuri tu, maneno yanayovizunguka ndiyo yaliyomshinda. Siku hizi simwoni, na nimesikia yuko saiti Kigamboni.

Halafu wako watoro wa kweli, siwafichi. Kuna waliokata tamaa, kuna aliyeuguliwa na mtoto, kuna mzee aliyechekwa na wajukuu zake. Hao natakiwa niwafuate nyumbani, na wengine sijawafuata bado. Lakini fomu inawaweka kapu moja na mama wa chapati, na mtu wa ofisini akisoma ataona darasa linalokufa.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Pale kwenye watoro nimeandika idadi kama inavyotakiwa, halafu pembeni, kwa kalamu nyekundu, nimegawa: walioacha, na waliopata kazi, kazi gani, na kitu gani cha darasani wanakitumia huko. Nafasi ni finyu, mwandiko umepanda mpaka kwenye nembo. Nimemtumia afisa picha kwa WhatsApp kwanza asije akashtuka. Amejibu sasa hivi kwamba fomu haijazwi hivyo, na kwamba atakuja mwenyewe kuliona darasa saa tisa. Nimemwomba aje saa kumi na moja na nusu, maana saa tisa hata hao wanaohudhuria watakuwa kazini.