Doa jeupe kwenye picha ya kifua

Kikohozi kilikataa kuisha, nikapigwa picha ya kifua. Daktari, kijana wa rika la kitinda mimba wangu, akageuza skrini nione. "Hapa, mama." Doa jeupe, dogo kuliko punje ya dengu. "Hili ni la zamani, limeshapona. Makohozi yako hayana TB."

La zamani la lini, sikuhitaji kuuliza. Mwaka 1994 tulilala watu sita chumba kimoja hapa Kayole, baba mdogo akikohoa usiku kucha nyuma ya pazia.

Sikuondoka hadi anieleze. Bakteria wa TB wakifika mapafuni humezwa na makrofeji, chembe za kinga ambazo kazi yake ni kumeza na kusaga. Hawa hawasagiki kirahisi. Hukaa humohumo ndani ya mlinzi, wakizaana polepole, karibu mara moja kwa siku. Basi makrofeji wengine huja, hubanana, baadhi huungana kuwa chembe moja kubwa, limfosaiti, chembe nyingine za kinga, huzingira kwa nje na nyuzi za kovu hufunga. Fundo hilo huitwa granuloma.

"Na ndani kuna nini?"

Akasita. "Jibini, mama."

Nilicheka mpaka nikakohoa tena. Mimi nauza maziwa! Lakini hakuwa anatania: nyama iliyokufa katikati huwa laini, nyeupe inayoelekea manjano, kama jibini kweli. Jioni nikimwaga maziwa yaliyoniharibikia nilichota bonge moja kwa kijiko, nikalitazama kwa muda. Miaka ikipita chokaa huingia pale katikati, na chokaa ndiyo inayong'aa kwenye picha.

Nilidhani kufungiwa ni kufa. Kumbe bakteria wengine hubaki hai, wamelala, na fundo hilohilo huzuia dawa kuwafikia vizuri. Ni sababu mojawapo ya kumeza vidonge miezi 6. Wengi walioambukizwa, 90 au zaidi kati ya 100, hawaugui TB maisha yao yote. Baba mdogo aliangukia kwa wale wachache. Fundo hulegea kinga ikidhoofika: Ukimwi, baadhi ya dawa za baridi yabisi, kisukari.

Alipotaja kisukari nilikuwa nimeshashika mkoba. Sukari yangu imekuwa ikipanda tangu mwaka jana, na fomuni nilikuwa nimeandika "hakuna". Nikaketi tena.