Lamu kwa saa ya maji

Mgeni akifika kisiwa cha Lamu, pwani ya Kenya, na ratiba ya asubuhi makumbusho, mchana magofu ya Takwa, jioni kijiji cha Shela, mara nyingi nahodha ndiye anayeipangua: "Takwa leo haiendeki, maji hayapo." Hakuna ujeuri hapo. Mlango wa kuingilia Takwa ni mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko, na maji yakipwa hubaki tope tupu. Kwa hiyo kabla ya kuulizia chumba, ulizia tarehe ya mwezi mwandamo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na tena unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hujaa sana mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 3. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kama dakika 50. Ukifika tarehe 7 au 8, na tena 22, ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana. Kuanzia tarehe 10 hadi 12, au 25 hadi 27, maji hujaa kati ya saa tano na saa nane mchana, na hizo ndizo siku za Takwa. Unaingia maji yakipanda, unazunguka magofu kwa muda wa saa moja na nusu, unatoka kabla hayajaanza kukimbia. Chombo kikikwama, mtakaa humo na mbu mpaka maji yarudi.

Takwa iko kisiwa cha Manda. Ulikuwa mji wa karne ya 16 na 17, kisha watu wakahama. Inasemwa maji ya visima yaliingia chumvi, na wengi wakavuka kwenda Shela. Tazama msikiti wa Ijumaa, wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, kitu usichokiona kila mahali. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, sawa na 1683. Watu wa Shela bado huvuka kuja kuomba mvua hapo, kwa hiyo usipande juu ya kaburi ili upigwe picha. Vaa viatu vinavyofunga mguu, maana vichaka vina miiba, na beba maji ya kunywa. Huko hakuna duka.

Shela nayo ina hesabu yake. Kutoka Lamu mjini ni kama kilomita 3 kwa njia ya pwani, dakika 40 au 45 kwa miguu. Kosa la kawaida ni kwenda saa nane mchana siku ya bamvua na kutaka kurudi saa kumi na moja. Wakati wa kwenda ulipita mchangani. Wakati wa kurudi maji yamegonga ukuta. Hapo panda mashua au pita njia ya juu, nyuma ya nyumba. Ufukwe wenyewe una kama kilomita 12 na hauna kivuli hata cha mti mmoja, basi nenda mapema au baada ya alasiri. Usiogelee karibu na mlango wa bahari wakati maji yanatoka, kwani mkondo wa hapo una nguvu. Vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya ufukwe ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya visima vya Lamu. Ukiacha takataka kule umeziacha kwenye mtungi wa watu.

Hapo Shela ndipo, karibu na mwaka 1812, jeshi la Pate na la Mazrui, watawala wa Mombasa, liliposhuka kuipiga Lamu. Walishindwa, na masimulizi husema walipokimbilia vyombo vyao waliyakuta maji yamekupwa, vyombo vimelala mchangani. Hata Wamombasa, watu wa bahari, walikosea saa ya maji. Baada ya vita hivyo Lamu ikajenga ngome yake kwa msaada wa Oman. Ikamalizika mwaka 1821. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza. Leo unaingia kuona maonyesho, kisha unapanda juu kuona mapaa ya mji na uwanja wa Mkunguni ulio mbele yake, ambako wazee hukaa chini ya miti. Msikiti wa Shela wenye mnara mweupe wa mviringo, uliojengwa mwaka 1829, ni wa enzi hiyo hiyo.

Siku ambazo maji hayakubali safari, baki mjini. Mji wa Kale uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini ni mji wa watu, hauna mlango wa tiketi. Kaskazini ni Mkomani, penye majumba ya mawe. Kusini ni Langoni, penye maduka na kelele zaidi. Ukipotea vichochoroni, fuata mteremko: maji ya mvua huelekea baharini, na wewe utafika huko huko. Punda ana haki ya njia. Ukisikia kwato na mtu akiita nyuma yako, jibanze ukutani, kwa sababu punda aliyebeba mawe hawezi kusimama ghafla. Pale ufukoni kuna zahanati ya punda tangu 1987, wanatibiwa bure, na asubuhi unaweza kuchungulia.

Ukiwa na muda wa kuingia sehemu moja tu, mimi ningechagua Nyumba ya Kiswahili, iliyojengwa karne ya 18, kuliko hata makumbusho makubwa. Simama chumbani utazame juu. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi kama mita 3 hupinda. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba: fundi hakuchagua upana, boriti ndiyo iliyomchagulia. Anzia mlangoni ukielekea ndani. Kwanza daka, ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza, hapo ndipo mgeni anapoishia. Halafu kiwanda, yaani ua ulio wazi juu. Halafu misana miwili, vyumba virefu vya kukaa. Halafu ndani kwenyewe, penye ukuta wa zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa. Kila hatua sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Nyuma kabisa ni nyumba kati, chumba cha kuzalia na cha kuoshea maiti. Chooni utaona birika la maji: zamani walitia samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Nje, juu ya kichochoro, tazama wikio, daraja linalounganisha nyumba mbili ili wanawake wapite bila kushuka njiani.

Makumbusho ya Lamu, yaliyo ufukoni, yana siwa mbili, yaani baragumu kubwa: ya shaba ya Lamu, na ya pembe ya ndovu ya Pate inayozidi mita 2. Angalia tundu la kupulizia, liko ubavuni na si nchani. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891, inakutosha kwa robo saa. Beba kitambulisho, kwani kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni wa nje.

Matondoni ni kijiji cha waunda vyombo, upande wa magharibi wa kisiwa. Kwa miguu ni mwendo wa saa mbili hivi mchangani. Kwa mashua, subiri maji yajae. Ukimkuta fundi kazini, utaona mkuku, uti wa chombo, umelazwa, mbao zikipanda na mataruma, mbavu zake, yakipachikwa ndani. Kati ya ubao na ubao hutiwa kalafati, pamba iliyoloweshwa mafuta, ikisukumwa kwa patasi butu na nyundo. Ikilegea hapo, chombo kinavuja. Omba ruhusa kabla ya picha, na ukikaa sana nunua mkeka.

Bei ya mashua hupatanwa kwa chombo kizima, si kwa kichwa. Kabla hujapanda mkubaliane mambo manne: mafuta ya injini yamo au hayamo, chakula kimo au hakimo, nahodha atasubiri muda gani, na nani analipa chombo kikikwama. La nne ndilo husahaulika, na ndilo linaloleta ugomvi. Pesa nyingine lipa mkirudi.

Kwa barabara, basi za Mombasa huishia Mokowe, kama kilomita 340. Humaliza karibu siku nzima pamoja na vizuizi vya usalama, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni, si kwenye begi lililo buti. Kwa ndege unatua Manda na kuvuka kwa boti. Ngazi za gati zina ukoga maji yakipwa. Vua malapa, shika mkono wa baharia.

Aprili hadi Juni ni mvua na upepo wa Kusi, bahari huchafuka. Maulidi huwa mwishoni mwa Mfungo Sita (Rabiul Awwal), vyumba hujaa mapema, na Msikiti wa Riyadha ndio kitovu. Ramadhani vibanda vya chakula hufungwa mchana. Siku nyingine, jioni tafuta mkate wa mofa unaobandikwa ukutani mwa tanuri la udongo, ukiwa bado wa moto, ule na samaki wa kupaka. Ukipoa unakuwa mgumu, na muuzaji hatakupashia.