Prince wa shangazi kafufuka, ila dada kamkataa

Jumamosi nimekesha aisee, na sio msiba wala harusi, nimekesha kwa ajili ya gemu ya 1990. Prince of Persia, ile ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla Windows haijashika kasi), jamaa kavaa nguo nyeupe ana dakika 60 tu za kumuokoa binti wa mfalme kabla Jaffar hajamuoa kwa nguvu.

Shangazi yetu alikuwa na kibanda cha kuchapa barua pale Kitangiri, Mwanza, na ndani kulikuwa na kompyuta moja ya mtumba, ya prosesa 486 (prosesa ndo ubongo wa kompyuta), ina kitufe mbele kimeandikwa Turbo. Mimi na dada tuliamini ukikibonyeza mashine inaongezewa nguvu. Kumbe kazi yake ilikuwa kuipunguza kasi! Gemu nyingi za zamani zilikuwa zinaenda kwa mwendo wa prosesa, ukiiweka kwenye mashine ya haraka mtu anakimbia kama kafukuzwa na nyuki, ndo maana wakaweka hicho kitufe. Nimeishi zaidi ya miaka ishirini na imani potofu.

Kompyuta ilishakufa zamani ila shangazi hatupi kitu, hadidiski ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na funguo za makufuli ambayo hayapo tena. Nikaipeleka kwa fundi Makoroboi, kijana mdogo, akaigeuza geuza akaniuliza kaka hii ni ya nini, lakini adapta ya kuichomeka kwenye USB alikuwa nayo na ikasoma. Folda zima la Prince ni dogo kuliko picha moja unayopiga na simu yako hapo.

Nikaiweka kwenye laptopu yenye Windows 11, nikaibonyeza mara mbili, ikagoma, eti programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Nikapoteza saa nzima naijaribisha kama Windows 95, kama XP, hola. Tatizo ni kwamba gemu hii ni ya biti 16, yani imeandikwa kwa prosesa za zamani sana, na Windows za biti 64 hazina kabisa kile kipande kilichokuwa kinaziendesha programu za biti 16, zile za biti 32 ndo zilibaki nacho. Sasa Windows 11 inatoka kwa biti 64 tu. Kwa hiyo ujanja wa kuidanganya eti ni XP usijisumbue nao, huo ni wa gemu zilizokuja baadaye.

Dawa ni DOSBox, ya bure, ipo tangu 2002. Yenyewe inaigiza kompyuta nzima ya zamani, prosesa, kadi ya sauti, kila kitu, gemu inadhani iko kwa shangazi. Folda la prince unaliweka ndani ya folda la gemu, unafungua DOSBox unaandika mount c c:\gemu, halafu c:, halafu cd prince, halafu prince, basi. Alt na Enter inajaza skrini. Ukiona gemu yoyote inakimbia mno bonyeza Ctrl na F11 inapungua, ikizubaa Ctrl na F12, yani Turbo ya shangazi imehamia kwenye kibodi.

(Nina na CD ya gemu ya magari ya miaka ya 2000, hiyo imenishinda. Ina SafeDisc, kinga ya kuzuia CD isinakiliwe, na kuanzia Windows 10 dereva yake (programu ndogo inayoiendesha hiyo kinga) haikubaliwi kwa sababu ya usalama. CD nzima haina hata mkwaruzo na haifunguki. Inauma.)

Sasa dada kaja na meli ya usiku toka Bukoba, sikumwambia kitu, nikamwekea kiti nikawasha. Muziki ukaanza, mzito mtamu, mi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuusikia hivyo maana kwa shangazi hakukuwa na kadi ya sauti, tulikuwa na kile kispika cha ndani tu. DOSBox inaigiza Sound Blaster, kadi ya sauti ya enzi hizo, bila hata kuombwa. Nikamwangalia dada nikisubiri machozi.

"Hii sio yenyewe."

Sio yenyewe vipi dada, faili ni zile zile za shangazi!

"Yenyewe ilikuwa inalia pip pip. Hii ni ya matajiri."

Nikabishana weee, mwisho nikafungua faili la mipangilio la DOSBox, kwenye mstari wa sbtype (aina ya Sound Blaster) nikaandika none, yani hakuna, nikawasha upya. Gemu ikatafuta kadi ikaikosa, ikarudi kwenye pip pip. Kigae cha kwanza kilivyodondoka kikatoa kile kimlio chake, dada akanisukuma pembeni akashika kibodi. Akaruka, akadondoka moja kwa moja kwenye misumari, pale pale alipokuwa anafia akiwa darasa la tano.

"Ehee," akasema, akaanza upya.

Saa saba usiku naenda kulala yeye yuko levo ya pili, na ananiuliza meli ya kesho inaondoka saa ngapi kama vile mimi ndo ninayesafiri.